Gari la Ngozi Mbichi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na wanangu wote watatu. Natumaini kiuno chako kimepata nafuu tangu uliponiandikia kwamba kazi ya kupakia mchanga inakumaliza, na kwamba kitinda mimba wetu ameacha kusumbuliwa na tumbo. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, natembea, meno yangu yote yapo. Ila ukiniuliza habari za roho nitakujibu kwamba nina kinyaa, na si kinyaa cha kutema mate kikaisha. Kimenikaa kooni wiki ya pili sasa, ndiyo maana nimeona bora nishike kalamu.

Nimenunua gari. Cheka kwanza, nakusubiri. Mimi dada yako, ambaye sijawahi kumiliki hata baiskeli, nina vani nyeupe yenye milango miwili nyuma. Kuendesha ulinifundisha mwenyewe kwenye uwanja wa kiwanda, kwa lori la maziwa ulilokuwa ukiliendesha, ukijishika kichwa kila nilipobadili gia. Mpango wangu ulikuwa kuishi humo humo. Kitanda nyuma, jiko dogo la gesi pembeni, cherehani yangu ya mkono karibu na mlango, halafu nizunguke mji hadi mji nikishona foronya na mashuka, nikilala popote jioni itakaponikuta. Nilikuambia nimeacha kazi kiwandani kwa sababu ya uchovu. Chumba nilikirudisha kwa mwenyewe, kabati nikampa jirani, nikafunga virago.

Dalali aliyeniuzia nilimkuta kwenye uwanja ulio nyuma ya duka la matairi. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, maneno matamu. Aliniambia gari lilikuwa la mwalimu mstaafu aliyekuwa akibebea vitabu. Nilikagua matairi kama ulivyonifundisha, nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili, nikasikiliza injini. Kisha akafungua milango ya nyuma na kuingia pamoja nami, tukasimama humo ndani tukizungumza kwa muda mrefu. Sakafu ilikuwa ya plaiwudi mpya, kuta zimepakwa rangi. Nilimtazama usoni muda wote ule, na uso wake ulikuwa mkunjufu kama wa mtu aliye sebuleni kwake. Nikatia sahihi palepale, juu ya boneti.

Mtu wa kwanza kunishtua alikuwa mhudumu wa kituo cha mafuta. Alichomeka bomba, akageuza uso, akatema mate pembeni, halafu akaniuliza kwa adabu kama nimebeba kitu kilichokufa. Nikamwambia nimebeba cherehani. Akanitazama kwa huruma, akaenda kusimama upande wa pili hadi tangi lilipojaa. Mahali pa kuoshea magari walinisafishia nje, lakini ndani wakasema hawaingii hata niwaongezee nini. Nilikoegesha nako, mama mwenye nyumba alimtuma binti yake aniombe nisogee mbali kidogo na dirisha lao, kisha mbali zaidi, kisha nihame mtaa. Mbwa tu ndio walionipenda. Walikuja kutoka sijui wapi wakalala chini ya gari, na mmoja akawa analamba bampa. Mdogo wangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikalipeleka kwa fundi wa bodi za magari. Mzee yule alijifunga kitambaa usoni kabla hata hajagusa gari, akaanza kung'oa plaiwudi, na alipoinua kipande cha kwanza akakiachia kikaanguka. Nikachungulia. Chini palikuwa na tabaka la chumvi iliyogandamana na damu ikawa kahawia, imeshikana na nywele, nywele nyeusi, nyeupe na za madoa. Katikati ya mbavu za bati kulikuwa na mafuta mazito, laini, kama sabuni iliyosahauliwa majini. Na mafuta yale yalikuwa yanatembea. Funza, mdogo wangu, wanene, weupe, wakipandana. Nilikuwa nimelala juu yao siku nne. Nilikuwa nimekula mkate juu yao, na makombo nikayafagilia kwenye ule ufa wa sakafu. Nilitapika kwa yale niliyoyaona. Fundi akaniambia haya ni mabaki ya ngozi mbichi za ng'ombe na mbuzi, zilizokuwa zikibebwa kupelekwa kwa watengeneza ngozi, na kwamba gari hili halijawahi kuona kitabu hata kimoja.

Nilirudi kwa yule dalali nikiwa nimewaka. Nilimwambia amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na kwamba angemuogopa Mungu. Hakukasirika. Alisema ni kweli, alinidanganya kuhusu mwalimu, lakini gari lilikuwa lake mwenyewe na ngozi alizibeba yeye kwa miaka, hata pua yake haisikii tena chochote. Akaongeza kwamba hakunificha uvundo, maana uvundo haufichiki. Milango aliifungua mbele yangu. Kama mtu mzima mwenye pua yake ameingia, amesimama humo na amekubali kutia sahihi, yeye ana kosa gani.

Na wewe hapo ulipo najua unajiuliza swali hilohilo. Unajua mimi ni nani. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye jukwaa la kupokelea, nikiinamia makopo ya maziwa moja baada ya jingine, nikinusa na kuweka alama ya chaki kwenye yaliyo mazuri, mabovu nikiyarudisha. Kiwanda kizima waliniita Pua. Meneja aliwaambia wageni kwamba mashine inaweza kukosea lakini Pua hakosei. Mtu kama huyo anaingiaje kwenye gari la mizoga akakagua matairi?

Mdogo wangu, sisikii harufu. Tangu mafua yale ya mwaka jana yaliyonilaza siku tisa, pua yangu imekufa. Sisikii sabuni, moshi wala jasho langu. Nilirudi kazini nikitumaini itafunguka, siku zikaenda, na sikumwambia mtu, kwa sababu bila pua mimi pale si kitu. Badala yake nilijifunza kumtazama mama anayefungua vifuniko. Kopo likiwa limechacha alikuwa anakunja uso kidogo kabla hajajizuia. Mimi nilikuwa nainama, najitia kunusa, huku jicho liko kwake. Kwa miezi mitano maziwa ya watu niliyapima kwa uso wa mama yule. Ndivyo nilivyomtazama na dalali.

Siku ile, ile unayoijua, mama wa vifuniko hakuja. Wewe ulikuwa na haraka, wifi alikuwa chumba cha kujifungulia, ukawa unashusha makopo huku unaongea peke yako. Nililiinamia kopo lenye kamba ya buluu kwenye mpini. Nalikumbuka kama ninavyokikumbuka kitanda cha mama yetu. Niliinama, nikasubiri kidogo kama ninusavyo siku zote, nikaweka chaki. Likamiminwa kwenye tangi, kopo likaoshwa na chaki yake ikafutika, na tangi lote likaharibika.

Kwenye kikao hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Meneja alisema kopo kama lile lisingeweza kupita mbele ya Pua, kwa hiyo dereva atakuwa amelisukuma bila kunuswa. Nawe, kwa kuwa akili yako siku ile ilikuwa hospitali, uliamini. Ulisimama ukasema huenda ni kweli, pengine ulilipitisha bila kujua. Mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwako, nikitazama vidole vyangu vyenye vumbi la chaki. Na ulipofukuzwa ulinifuata mpaka getini ukaniomba radhi kwa kulichafua jina langu. Nikakusamehe. Nilikushika bega, nikakusamehe kosa langu mwenyewe, kisha nikaenda kula chakula cha mchana.

Sasa unajua kinyaa changu ni cha nini. Wale funza nimewaondoa kwa koleo na maji ya moto. Hilo la getini sijui linaondolewa kwa nini. Gari hili sikulinunua nione dunia, nilitaka mahali ambapo barua zako za kunishukuru kwa kukusamehe hazitanikuta.

Jana asubuhi nimekwenda kwa meneja na kumweleza yote, bila kupunguza. Mama wa vifuniko nilimwomba awepo asikie. Meneja akaniletea chupa mbili za maziwa na kunitaka nichague yenye maziwa mabovu. Nikanusa zote mbili mbele yao na kusema sijui. Ameandika kwa mkono wake kwamba kosa halikuwa lako, karatasi hiyo nimeifunga ndani ya bahasha hii. Kuhusu kukurudisha kazini amesema atakuita. Sitaki kukuahidi kisicho mikononi mwangu.

Gari sitakupa. Ningekuwa nakulipa kwa uvundo, na umeshabeba wa kwangu vya kutosha. Lakini Jumamosi nitaliendesha hadi kwenu. Tumelisugua siku sita, fundi ameweka sakafu mpya, na kila ninayemuuliza ananiambia halinuki tena, nami siwezi kujua kama ni kweli au ni huruma. Nitaegesha ng'ambo ya barabara. Mlango wako ukibaki umefungwa nitaondoka na sitakulaumu. Ukitoka, nakuomba ufungue ile milango ya nyuma, uingize kichwa, unitazame. Usiniambie neno. Kusoma uso ndiyo kazi pekee iliyonibaki.

Msalimie sana wifi, na umwambie ana haki ya kunitukana. Wabusu watoto. Usiwaambie shangazi amefanya nini mpaka mimi mwenyewe niwepo niwaambie. Mungu akupe nguvu za mgongo na za kuimaliza barua hii.

Ni mimi dada yako, niliyeweka chaki kwenye kopo la kamba ya buluu.