Picha ya Mzee Mutembei Ukutani

Wawira, nimejifungia vestri, kile chumba cha mavazi ya mchungaji. Siwezi kutoka.

Leo baada ya ibada tulionyesha ile sinema yetu ya siku za mwisho, hapa Githongo. Watu walichekea bunduki zetu za mbao mpaka machozi. Sawa, nikavumilia.

Halafu ukatokea ukuta wa waliotupwa motoni. Unakumbuka nilikata picha za marehemu kutoka programu za mazishi nikazibandika hapo, juu tulikosa waigizaji? Kicheko kikakatika. Mzee Mutembei alikuwa hapo katikati, mkubwa kama mlango!

MZEE MUTEMBEI, Wawira! Mzee wa kanisa!

Mjane wake hakunigombeza. Alinishika mkono akauliza polepole, "Karwirwa, kwani hakufika mbinguni?"

Nikakimbia. Sasa amesimama hapo mlangoni. Anangoja nimwambie.