Pombe Uliyoibeba Hadi Rhamu

Garissa

Kwa kaka yangu Abshir,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, mama anaendelea vizuri, na shamba la kando ya mto Daua lina maji. Kwa desturi ningeongeza kwamba mimi pia ni mzima, wasiwasi ni juu yako tu. Leo siongezi. Barua nimeiandika kwa Kiswahili cha shule kwa sababu mama hakijui, naye hana kosa.

Mkeo Safiyo amenipigia simu, abowe, kaka yangu. Ameniambia umewatangazia wazee kwamba mume wangu Abdow anakunywa pombe, ndiyo maana ini lake limeharibika, na kwamba Ijumaa mtakaa ili mtuachanishe. Ulimi hauna mfupa, lakini wako hauna hata haya.

Hospitalini ulikuwepo Abdow alipopewa majibu. Karatasi ilikuwa na jina la zamani la ugonjwa huo: ini lenye mafuta lisilotokana na pombe. Ukaacha mafuta, ukabeba pombe, ukaondoka nayo hadi Rhamu. Ungengoja, ungemsikia Daktari Mwikali akisema kwamba wataalamu wameliacha jina hilo, kwa sababu linataja kisichokuwepo na linawatia watu aibu bure. Sasa ugonjwa unaitwa kwa kinachoendana nao, yaani mwili kushindwa kutumia vizuri sukari na mafuta. Alisema pia kwamba mafuta kwenye ini peke yake hayatoshi. Lazima mtu awe na jambo lingine, kama kitambi, sukari au presha ya kupanda. Abdow anayo yote. Anauza mbuzi kwa simu akiwa amekaa, chai yake ni sukari tupu, na nyirinyiri unayomletea wewe, nyama inayoogelea kwenye mafuta, anaimaliza kwa heshima yako.

Pombe hajaionja. Mimi ndiye ninayelala karibu na pumzi yake, si wewe.

Sasa nikwambie nililomficha mama. Daktari alinipima na mimi, kwa kuwa sukari ilinipanda nilipokuwa na mimba ya Shuaib. Ugonjwa ninao, ule ule, tena wangu umetangulia: ini limeshaanza kufanya makovu. Naogopa, Abshir. Abdow anajua. Kila jioni ananitembeza hadi daraja la Tana na kurudi, na nikichoka ananisubiri. Huyo ndiye unayetaka kuniondolea. Basi kama yeye ni mlevi, binti wa baba yako ni mlevi kumshinda. Ijumaa ukisimama mbele ya wazee, anza na jina langu.

Msalimie mama, umwambie natembea sana siku hizi. Salamu za kukupa wewe nimeziweka hapa kwangu. Nitaamua Jumamosi kama nizitume, nikishasikia ulichosema.

Dada yako kwa baba na mama,
Ramla