Kitambaa Chenye Upara

Kasulu, Jumatano, likizo ya Juni, 2014. Asubuhi baridi, mchana vumbi. Roho nyepesi kuliko jana.

Jambo hili mpaka leo mchana nilikuwa sijamwambia mtu. Naliandika hapa kwa sababu blogu hii ina wasomaji wanne na hakuna hata mmoja anayekaa Kasulu. Wiki iliyopita nilinyoa kitambaa cha kochi cha dada yangu kwa wembe wa baba.

Nieleze.

Dada Editha anaolewa. Jumamosi mashangazi wa bwana harusi wanakuja kutoka Kibondo kuona vyombo atakavyohamia navyo, na mashangazi hao hawaangalii tu. Wanafunua, wanageuza upande wa chini, wanavuta uzi. Vitambaa sita vya makochi nilijitolea kuvifuma mimi, mimi ambaye nikiulizwa swali darasani naangalia dirisha. Dada akautangazia mtaa mzima: "Vyangu anafuma mdogo wangu, sinunui hata kimoja."

Uzi aliuchagua mwenyewe. Ni wa zambarau, wa manyoya, dukani unatamani kuupapasa kama kifaranga. Furaha yangu ilidumu safu moja. Kwenye uzi wa kawaida unaona tundu, unapitisha sindano, unavuta. Huu hauonyeshi tundu, unaonyesha manyoya tu. Kufumua nako ni shida, maana yanashikana na ukivuta unakatika. Kufikia safu ya nne nilikuwa nimepotea kabisa. Nikaona nitumie akili: nikanyoa katikati ili nione matundu.

Niliyaona. Niliona pia kwamba manyoya hayaoti tena.

Nikakimalizia hivyo hivyo, nikakificha chini ya kitabu cha Historia. Kila dada alipouliza, nilijibu kwamba vinaendelea vizuri. Likizo hii nimesoma riwaya tatu na wahusika waongo nimewalaumu wote.

Aliyeniokoa ni mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayeuza vitenge sokoni. Nilikuwa nimekaa karibu na meza yake nikimsubiri mama yangu, nikihangaika na kitambaa cha pili, pua ikiwa karibu iguse uzi.

"Weye mutoto, unatafuta nini na macho? Tafuta na kidole."

Akaninyang'anya sindano, akafuma safu nzima huku akibishana bei na mteja. Hakuangalia mikono yake hata mara moja. Kisha akaniambia nishike uzi mwembamba wa kawaida pamoja na ule wa manyoya, ili kidole kipate kitu kigumu cha kugusa. Nyumbani nilijaribu nikiwa nimefumba macho. Matundu yote yalikuwepo, yamejipanga, siku zote hizo.

Tangu hapo nimemaliza vinne, na ni vizuri, nasema bila aibu. Ila uzi umebaki wa kimoja tu na dukani umeisha. Vinne na kimoja ni vitano. Cha sita kiko chini ya Historia.

Leo mchana nikakichukua, nikampelekea dada uani alipokuwa anachambua maharage. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaisahau yote, nikamkabidhi tu.

Alikiangalia. Akakigeuza. Mimi nikaanza kuhesabu maharage.

"Kanafanana na kichwa cha baba," akasema.

Nilijaribu kutocheka, nikashindwa. Yeye alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na tuliokota maharage vumbini kwa muda mrefu. Akasema hicho kitakaa kwenye kochi atakalokalia baba, siku atakayokwenda kuwasalimia yeye na mumewe Kibondo.

"Lakini Jumamosi mashangazi wakiuliza," akaongeza, "utajibu wewe. Mimi bibi harusi, siongei."

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Nikarudi chumbani, nikashika nyuzi mbili pamoja, nikafumba macho, nikaanza cha tano. Sasa nipo safu ya sita. Kila nikimaliza safu narudia kwa sauti sentensi nitakayowaambia mashangazi: "Shikamooni, hicho nilikinyoa mimi."