Mabega ya Kinu

19 Januari

Dada Nguzo,

Shikamoo. Mimi huku mzima, ila magoti yamechubuka na godoro la bweni ni jembamba kama daftari. Mama hajambo? Mgongo wake je? Mwambie sabuni imefika salama.

Hapa simu ni marufuku kwa wanafunzi, kwa hiyo zoea mwandiko wangu wa miguu ya kuku. Kocha wa sarakasi ameshatupanga wawili wawili. Mimi niko juu, kama kawaida. Wa chini yangu ni msichana mmoja wanamwita Kinu. Dada, mabega yake! Unaweza kuwaandalia watu wanne chakula pale. Nikimpanda nasikia kama nimesimama sakafuni.

Tatizo ni kwamba naanguka. Kila siku, na kila mara upande wa kulia. Nyumbani mimi na wewe tulikuwa tunasimama mpaka Mama anachoka kututazama! Mwisho wa muhula kuna mchujo: watakaosimama wanabaki, watakaoanguka wanarudishwa nyumbani. Niambie, ulikuwa unafanya nini kule chini?

Mdogo wako,
Njiti

2 Februari

Mdogo wangu Njiti,

Marahaba. Barua yako imetukuta salama. Mama mzima, mgongo wake bado unatabiri mvua na bado unakosea.

Huyo Kinu ana umri gani? Ni mzuri? Analala bweni lako? Anakushika vifundo vya miguu sawasawa au anashika ovyo tu? Nauliza kwa ajili ya usalama wako.

Kuhusu kuanguka. Juzi mwalimu wa fizikia alitufundisha mambo hayo hayo. Anaeleza kwa Kiingereza, mimi nageuza kichwani kwa Kiswahili ndipo yananiingia. Kila mwili una kitovu cha uzito. Watu wawili wakipandana wanakuwa kama mwili mmoja, na kitovu chao kinakuwa kimoja, karibu na mabega ya aliye chini. Kikikaa juu ya nyayo zake, mnasimama. Kikitoka nje ya nyayo hata kidogo, ardhi inawaita. Kwa hiyo kazi ni ya aliye chini, mdogo wangu. Ukianguka mwenye kosa ni mmoja, na si wewe. Mabega mapana si kitu. Hata kabati lina mabega.

Mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nakujua. Sidhani kama hilo linafundishika kwa wiki tatu. Wewe fanya vilevile ulivyokuwa unafanya nyumbani, usibadilishe kitu.

Wako wa chini,
Dada

16 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na natumaini hutakasirika.

Kinu si mzuri, ana pengo. Umeridhika? Analala kitanda cha chini yangu, na anakoroma.

Kocha ameturekodi kwa simu yake, akatuonyesha polepole. Kinu amenyooka kama mlango. Mimi ndiye niliyepinda kiunoni, kulia. Kinu akacheka: "We mtoto, unamkwepa nani huko juu?" Kocha akauliza nimejifunzia wapi kujipinda. Nikasema sijui.

Najua, Dada. Tangu ulipoteguka kifundo cha kushoto, ukinibeba ulikuwa unaegemea kushoto. Nikawa najipinda kulia kidogo ili tusianguke. Sikukwambia, maana ulikuwa unafurahi ukiitwa Nguzo, na wewe hufurahi kwa nadra. Sasa mwili umezoea, na huyu hahitaji. Nifanyeje ili niache?

Mdogo wako,
Njiti

9 Machi

Dada,

Shikamoo ya pili, maana ya kwanza hukuiitikia. Mama ameniandikia kwamba wote mko wazima, kwa hiyo najua mkono wako unafanya kazi.

Mchujo ni tarehe thelathini. Jana nilimwangukia Kinu, goti langu likampasua mdomo. Hakulalamika. Alitema damu akasema, "Panda tena." Kocha anasema nikiendelea hivi atamtafutia mtu mwingine wa juu, mimi nifunge sanduku.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Njiti

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, zote mbili. Sisi wazima. Hilo la afya ni kweli. Mengine nimekudanganya, hata kwa kunyamaza.

Barua yako ya Februari niliikunja nikasema, mwongo huyu, Kinu amemtia maneno. Kisha nikavua viatu vya shule nikavigeuza. Cha kulia kizima. Cha kushoto soli imeliwa upande wa nje mpaka kitambaa kinachungulia. Unanijua mimi, darasani hata kunyoosha kidole naogopa. Nilipenda kuwa chini kwa sababu watu humtazama aliye juu. Lakini moyoni nilikuwa naringa: yupo mtu mmoja duniani hawezi kusimama bila mimi. Kumbe nilikuwa nabebwa na mtoto niliyembeba.

Na hilo si baya zaidi. Ilipofika barua ya juzi, niliposoma "nifunge sanduku", nilitoa godoro lako nikalianika juani. Mama akauliza, "Kuna mgeni?" Nikasema ni vumbi tu. Nilikuwa na furaha, Njiti. Mdomo wa mtoto wa watu umepasuka, mimi napiga godoro huku naimba.

Namwonea wivu. Pengo lake nalionea wivu. Naona wivu kwamba ukimpanda yeye husikii kuyumba, na kwamba uzito wako, ambao mabega yangu yanaujua kuliko mzani wowote, sasa uko kwa mtu anayeweza kukwambia "panda tena" mdomo ukivuja damu. Mimi ningelia. Ungeshuka kunibembeleza.

Sasa sikiliza. Chukua fagio, ulisimamishe kiganjani. Linasimama kwa sababu mkono unalifuata; lenyewe halifanyi kitu. Lingekuwa na akili ya kujisahihisha lingeanguka, maana mkono usingejua liko njiani kwenda wapi. Wewe ni fagio. Kaza tumbo, kaza matako, tazama mbele. Ukisikia unakwenda kulia, usijirudishe. Mwache Kinu akufuate. Utaona kama unajitupa, vumilia. Na ukiwa juu usinifikirie hata kidogo, maana mwili wako ukinikumbuka tu utajipinda.

Hili la fagio nililijua tangu nilipokuandikia ile ya kwanza. Mwalimu alilifundisha siku ileile ya kitovu cha uzito.

Dada

1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nina afya. Kinu naye ana afya, ila mdomo umepona vibaya. Sasa ana pengo na kovu, utazidi kumpenda.

Tumesimama. Kocha alihesabu mpaka akasahau alipofika. Niliposikia nakwenda kulia moyo ukasema jirudishe, sikujirudisha, na Kinu akaja chini yangu taratibu kama mtu anayekusogezea kiti. Jozi ya jirani ilianguka pembeni yetu, puu! Hata hapo sikugeuza shingo.

Dada, sikukufikiria. Mwanzoni nilijilazimisha, halafu ikawa kweli. Niliposhuka nililia, Kinu akadhani nimeumia. Sikumweleza.

Likizo hii siji nyumbani. Mimi na Kinu tunabaki kufanya mazoezi ya mashindano. Umenikasirikia?

Njiti

12 Aprili

Mdogo wangu Njiti,

Marahaba. Mama usiku analala fofofo tangu asikie habari. Ameshawaambia majirani wote, hata wale tusiosalimiana nao.

Kukasirika, sikukasirika. Nilisoma pale ulipoandika hukunifikiria, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nimefurahi. Bado si kweli, ila nimeliandika ili mkono uanze kulizoea.

Msalimie Kinu. Mwambie kifundo chako cha kulia kina mtekenyo. Akishike kwa kiganja chote, asikiguse kwa kidole gumba, hasa ukiwa umechoka. Hilo nilikuwa nalijua mimi peke yangu.

Dada