Kamba Waliyokufungia

Papa,

Leo nimevunja kufuli kwa shoka. Ungekuwepo ungecheka, kisha ungenipiga kwa kuharibu shoka.

Mimi Nekesa wako bado nafua mashuka hapa kwenye nyumba ya wazee Kitale, pale kanisa lilipokuleta baada ya wewe kumkata jirani yetu wa Bokoli kwa panga. Sitakupamba kwa sababu umekufa. Ulimpiga Mayi, mama aliyenizaa, mpaka jicho lake moja likafa. Hapa nako ulimng'oa mpishi jino, wakakufunga kitandani kwa kamba ya katani.

Halafu ile asubuhi nilileta uji nikakuta umeitafuna kamba, umeifumua nyuzi nyuzi. Mbele yako alikaa mzee Namwaya, yule kipofu wa Kamukuywa uliyempasua mdomo, anakushika vidole akikuonyesha kitako cha kikapu kinavyoanzwa. Nilisimama nikingoja umrukie. Ukasema tu, "Wewe weka uji hapo bana, mkono inataka kazi."

Ndipo tukapewa stoo ya mahindi iwe chumba cha kusukia. Wazee waliokuwa wakirushiana vyungu vya mkojo wakawa wanagombania matete tu. Yule bibi aliyekuwa bubu tangu aletwe alianza kufinyanga, kisha akaanza kututukana, tukafurahi sana. Nawe ukaacha kupiga kelele za vita usingizini. Mayi alipokuja kukuona ulimpa kikapu, akakipiga teke. Siku tulipokuzika alikuja amekibeba.

Sasa sikia mambo yalivyoharibika. Msimamizi mpya aliona visu vya matete na sindano za kushonea vikapu, akasema wazee watauana, akafunga stoo. Basi ndipo walipoanza kuuana. Bibi amerudi kunyamaza, na amemuuma mwenzake sikio mpaka likachanika. Namwaya, Papa, Namwaya mpole, alimkaba mtu shingo kwa shuka! Wakamfunga kwenye kitanda kile kile chako.

Leo nilimkuta amejinyea, mikono imevimba, vidole vinacheza hewani vikisuka kitu ambacho hakipo. Hasira yako yote ikanipanda. Nilichukua shoka la kuni. Msimamizi alisimama mlangoni pa stoo akinizuia, nikakiona kichwa chake, nikajua hasa mahali pa kupiga. Nilitaka damu yake. Mikono ile ilikuwa yako, na nakuchukia kwa kunirithisha.

Kisha nikakusikia. Mkono inataka kazi. Nikapiga ukelele, yeye akaruka kando, nikaupa mkono kufuli. Nililipiga mpaka likaanguka na kipande cha mlango.

Kesho atanifukuza, najua. Nimeshamkata Namwaya kamba, nimemwongoza mpaka stoo, na bibi ametufuata mwenyewe.

Lala sasa, Papa. Jicho la Mayi sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini naahidi kwamba hata nikifukuzwa nitakata matete mtoni, niyabebe kichwani, niwapitishie dirishani, na mikono hii haitampiga mtu. Nimekaa nao ninapokuandikia. Namwaya ameifumua kamba waliyomfungia, na kitako cha kikapu tayari kinaonekana.

Binti yako,
Nekesa