Picha za Bi Harusi Zilizonaswa kwa Neno la Siri

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanicheka, mimi ni mpiga picha wa harusi, na mwezi jana nilikuwa studio nasafisha picha za bi harusi mmoja aliyesindikizwa na baba yake, mzee wa kiti cha magurudumu, mara ikaingia barua pepe yenye nembo ile ile ya kampuni ninakohifadhi picha zangu, inasema akaunti itafutwa ndani ya saa moja nisipothibitisha neno la siri, mke wangu akachungulia akasema, "Baba watoto, hebu subiri kwanza," nikamjibu, "We hujui haya mambo," nikaandika, nikabonyeza, na kufika jioni akaunti ikanikataa, picha zote zimo humo na kadi ya kamera nilishaifuta nipigie kazi nyingine. Sasa yule mzee amefariki, binti ananipigia simu, "Kaka, nitumie hata moja ya mimi na baba," nami namwambia bado nazisafisha, mshauri, sauti yake inanimaliza, nimwambieje?

Mpiga picha aliyeishiwa maneno

*

Pole, ndugu yangu, na sikucheki. Wezi hawa hula kwa kiwewe chako. Ile saa moja ilikuwa ya kukunyima muda wa kufikiri, mkeo akakupa muda huo bure, ukautupa. Nembo hiyo mtu yeyote anaweza kuinakili. Ungesoma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi. Kampuni ya kweli haikuombi neno la siri kwa barua. Ukiwa na shaka, usiguse kiungo walichokutumia, fungua tovuti yao mwenyewe.

Lakini kuibiwa kulikukuta. Kumdanganya mfiwa umeamua mwenyewe, na hapo sikuungi mkono hata kidogo.

Wasiliana na kampuni leo wakurudishie akaunti. Badilisha neno la siri, na popote pengine ulipotumia hilo hilo. Kadi iweke kando, usipige nayo tena. Fundi huweza kufufua baadhi ya zilizofutwa.

Kisha nenda kwa binti, uso kwa uso, siyo kwa ujumbe. Mwambie yote, hata akikufukuza. Mwombe akuunganishe na wageni wake, maana kila mmoja alikuwa na simu mkononi siku ile. Na fanya haraka: huenda leo hii kuna shangazi anafuta picha ya mzee yule akicheka, ili simu yake ipate nafasi.