Kadi za Wapambe wa Hadiya

Kirumba, 20 Julai 2025

Dada Raya,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mafua yanazunguka nyumba nzima. Wewe je, unakula? Shangazi Bimdogo anasema unakula. Simwamini, ndiyo maana nakuuliza mwenyewe.

Ningekuja, unajua. Mama kakataa katakata. Anasema bi harusi hakanyagi nyumba yenye eda, mkosi utamfuata hadi kwa mume. Nimembishia mpaka nikachoka. Na simu umeizima tangu shemeji Bashiru azikwe, basi naandika barua kama watu wa zamani na Bimdogo ndiye posta.

Nina ombi. Nataka kuwaomba wapambe wangu kwa kadi za kukata kwa mkono, zile zenye maua ya matundu kama ulizomkatia Evelina. Ni wanne: Evelina mwenyewe, Kashindye, Atieno na Odeta. Mkono wangu unaujua, nikikata ua linatoka muhogo. Bimdogo atakupa karatasi, mkasi na chupa ya marashi ya kuzinyunyizia. Mama asijue.

Wa tano ungekuwa wewe. Lakini ndoa ni Ijumaa ya tarehe 12 Septemba, na eda yako inaisha katikati ya Oktoba. Inaniuma, dada.

Mdogo wako,
Hadiya


Nyakato, 29 Julai 2025

Mdogo wangu Hadiya,

Marahaba. Poleni na mafua. Ninakula. Sijui ninakula nini, lakini sahani inarudi jikoni tupu.

Kadi hizi hapa. Marashi nakurudishia, aliye edani hashiki manukato, umesahau. Sikukasirika. Siku hizi sikasiriki. Watu wanakuja kunipa pole, wanalia, nawapa maji ya kunywa. Bimdogo ananiambia nilie, nami ningependa kumridhisha, ila hakuna kitu. Ile homa ilimchukua Bashiru haraka mno. Nadhani habari yenyewe bado haijanifikia.

Kukata hizi karatasi ndiyo kazi pekee niliyoimaliza tangu afariki. Nimeandika jina la kila mmoja, na chini yake: "Utasimama nami?" Kama maneno hayakupendezi, nitaandika mengine.

Dada yako,
Raya


Kirumba, 10 Agosti 2025

Dada Raya,

Shikamoo. Habari za hapo? Hapa si kwema. Mama amezikuta kadi. Hakuuliza kakata nani. Mwanza nzima nani mwingine anakata jani hadi mishipa yake? Alisema mkono wa mjane hauitii watu harusi, akazifungia kabatini na ufunguo akautia kwenye sidiria.

Mama huyu huyu unayemwita mama mdogo tangu ukitambaa! Nimelia kwa hasira. Nisamehe kwa kukuingiza katika haya.

Mdogo wako,
Hadiya


Nyakato, 13 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo.

Usigombane na mama mdogo. Anakupenda na anaogopa, na mtu akiogopa husema lolote. Nimekata kadi nyingine. Safari hii nimezikata vibaya makusudi, maua yametoka mihogo kama yako, na herufi nimezilaza upande. Hakuna atakayejua ni mimi. Zimenichukua muda mrefu kuliko zile nzuri, mkono ulikuwa unakataa.

Wape rafiki zako, olewa, nami utanisimulia.

Dada yako,
Raya


Kirumba, 31 Agosti 2025

Dada Raya,

Shikamoo. Najua umeniona kimya. Kadi zako mbovu zilinikuta nakula. Nilizifungua, chakula sikukimaliza.

Nilimpelekea mama. Nikamwambia, tazama, mwanao amejifunza kuharibu ili asikuudhi. Alizishika muda mrefu, akaenda kulala. Hadi leo hasemi nami ila habari za chumvi na mkaa. Lakini asubuhi yake nilikuta kabati liko wazi.

Nimegawa zile nzuri. Wote wanne wamekubali, Odeta alipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na shemeji yako Suhaib. Ndoa itafungwa Ijumaa ile ile msikitini, kwa kuwa likizo yake kazini haisogei. Sherehe tumeisogeza hadi Novemba, ukiwa umeshatoka eda. Atarudi kutoka Bukoba kwa ajili hiyo. Watu watasema, na waseme. Siingii ukumbini na wapambe wanne.

Dada, utasimama nami?

Mdogo wako,
Hadiya


Nyakato, 4 Septemba 2025

Mdogo wangu Hadiya,

Marahaba. Nipo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilisubiri nifurahi, sikufurahi. Nikasubiri nihuzunike, ikawa hivyo hivyo. Nakwambia wewe kwa sababu hujawahi kuniambia nilie.

Nitakuja. Nitavaa rangi mtakayochagua, nitabeba maua. Lakini sitacheka, hata kwenye picha. Watu wakipiga vigelegele huenda nikawa nawatazama tu. Huenda nikasahau hata pa kusimama, itabidi Kashindye anivute mkono. Harusi ni yako, usije ukaona haya kwa ajili yangu. Mpambe wa namna hiyo atakutosha?

Dada yako,
Raya


Kirumba, 5 Septemba 2025

Dada Raya,

Shikamoo.

Ananitosha.

Mdogo wako,
Hadiya